Picha Pia ni Deni

Wahenga walitwambia kwamba ahadi ni deni. Mimi, baada ya miaka kadhaa ya kutembea na kamera begani mjini Lodwar na viungani mwake, nimesadiki kwamba msemo huo unastahili nyongeza: picha pia ni deni. Mtu anayekubali uuchukue uso wake na kwenda nao amekukopesha kitu. Mpiga picha asiyelifahamu jambo hili, hata akimiliki kamera ya thamani kiasi gani, bado hajaanza kujifunza.

Sisemi haya kama mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili niliyejifunza kupiga picha ukubwani, kwa mapenzi tu, bila cheti wala malipo. Nawaandikia hasa walimu wenzangu na wanafunzi, kwa sababu simu yenye kamera imefika siku hizi hata katika maboma yasiyokuwa na umeme, na hakuna sherehe ya shule inayomalizika pasipo mamia ya picha kupigwa na kusambazwa. Vijana wetu wanapiga picha nyingi kuliko kizazi chochote kilichowatangulia. Je, ni nani anayewafunza?

Kamera yangu ya kwanza niliinunua mtumba jijini Nairobi, nikasafiri nayo kwa basi hadi Lodwar nikiwa nimeipakata kama mtoto. Haikuwa na kijitabu cha maelezo. Nilijifunza kwa kukosea, na Lodwar ni mahali ambapo makosa ya mpiga picha hayafichiki. Mji huu uko nyuzi tatu hivi kaskazini mwa Ikweta, kwenye tambarare iliyo takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka. Ifikapo adhuhuri jua husimama utosini. Ukimpiga mtu picha wakati huo akiwa uwanjani, macho yake yatakuwa mashimo mawili meusi, na pua itamwangushia kivuli mdomoni. Vumbi nalo halina adabu. Huingia ndani ya lenzi kama mgeni asiyebisha hodi.

Hatua kwa hatua nikaanza kuelewa. Nilijua kwamba kuanzia jua linapochomoza hadi saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, mwanga huja ubavuni, nao huzichonga nyuso na vilima vizuri. Nilijua kuifunika kamera kwa kitambaa safi na kutobadilisha lenzi upepo unapovuma. Nilijifunza pia kanuni ya kale ya wapiga picha kwamba jua linapowaka wazi, tundu la lenzi likiwekwa kwenye namba 16, mwendo wa shata, yaani ule mlango mdogo unaopitisha mwanga, ufuate kasi ya filamu: filamu ya 100, basi sehemu moja ya 100 hivi ya sekunde. Kanuni hiyo inafaa hata kwa kamera za leo zisizotumia filamu.

Baada ya mwaka mmoja nilijiona fundi. Nilikuwa na ngamia wakivuka mto Turkwel, kina mama waliojitwika ndoo, shanga zilizopangwa shingoni safu juu ya safu, manyoya ya mbuni kichwani mwa wazee, na machweo yenye rangi ya kaa la moto. Nilipowaonyesha walimu wenzangu, walinisifu. Mmoja aliniambia kwamba picha zangu zinafanana kabisa na zile za kalenda. Nilifurahi. Sikujua wakati huo kwamba alikuwa ameutaja ugonjwa wangu.

Kando ya barabara iendayo Kalokol, upande wa ziwani, aliishi mzee mmoja ambaye mjukuu wake nilimfundisha darasani. Jumamosi moja nilimtembelea, nikamwamkia "Ejoka", akanikaribisha kivulini mwa mkoma. Nilipomwomba ruhusa ya kumpiga picha, alimgeukia mjukuu wake na kuuliza swali moja tu: picha hizo zitakwenda wapi? Nikajibu, "Nitakuletea zako, Apa." Alicheka, akakubali. Nilipiga picha kumi na mbili, nikaaga.

Nilinuia kwa dhati kutimiza ahadi. Lakini mitihani ilikaribia, kisha likizo ikaja, kisha duka la kuchapisha picha likaishiwa na karatasi, kisha nikasahau. Miezi minne ilipita na zaidi. Asubuhi moja yule mwanafunzi alikuja katika chumba cha walimu, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "babu ametuacha. Mama anauliza kama ile picha iko."

Jioni ile nilizifungua picha zote kumi na mbili. Tatu zilikuwa za mkono wake ulioshika ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Nne zilikuwa za manyoya na nywele zake, kwa nyuma. Mbili zilikuwa kivuli tu: umbo la mtu mbele ya anga iliyowaka. Tatu zilizosalia zilimwonyesha kwa mbele, ila uso wenyewe ulikuwa mweusi tititi, haukuonyesha jicho wala mdomo, kwa kuwa nyuma yake mchanga ulikuwa unameremeta. Katika picha kumi na mbili sikuwa na uso hata mmoja.

Nilichapisha iliyokuwa nzuri kuliko zote, ya mkono na kigoda, nikaipeleka mwenyewe. Binti wa marehemu aliipokea kwa mikono miwili na kuitazama kwa muda mrefu. Kitambulisho cha baba yake, ambacho kilikuwa na picha pekee aliyowahi kupigwa maishani mwake kabla ya mimi kufika, kilikuwa kimerudishwa serikalini wakati wa kuandikisha kifo, kama sheria inavyotaka. Hatimaye alisema kwa upole, "Mwalimu, hiki ni kigoda cha baba. Kigoda tunacho."

Hakunilaumu. Alinipa chai. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje mtu aliyemtazama mzee kwa saa nzima asirudi na uso wake. Nimepata majibu mawili.

Jibu la kwanza ni la kiufundi, na kila mwanafunzi anayejifunza kupiga picha Turkana sharti alijue. Ndani ya kamera mna kipima mwanga, na kipima hicho hakina akili; hukadiria kwamba kila kitu kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina wastani wa rangi ya kijivu. Ukimweka mtu mweusi mbele ya mchanga mweupe na anga ang'avu, kamera hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza, na anayeumia ni mtu. Dawa yake ni rahisi: mwingize mtu kivulini, mgeuze atazame upande wenye mwanga, sogea karibu, upime mwanga usoni pake wala si angani. Hata kamera ya simu itakubali ukiigusa kwenye uso.

Isitoshe, vifaa vyenyewe havikuundwa kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo zikaitwa Shirley. Rangi ya ngozi yake ikiwa sawa, basi picha ilihesabiwa kuwa sawa. Filamu zilianza kurekebishwa ili zionyeshe vizuri rangi za kahawia miaka kadhaa baadaye, na inasimuliwa kwamba malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao yalichangia sana. Basi mwanafunzi wetu akiona uso wa nyanya yake umegeuka kuwa doa jeusi, asiilaumu ngozi ya nyanya.

Jibu la pili ni zito zaidi. Sikuuona uso wa mzee kwa sababu macho yangu yalikuwa yamekwisha kufunzwa na picha za watu wengine. Enzi ya ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Kwa hiyo waliopiga picha za mapema walikuwa maafisa wa serikali na wasafiri wachache waliopewa ruhusa, nao walitafuta kilichowashangaza: manyoya, shanga, mikuki. Baadaye zikaja kalenda na vitabu vikubwa vyenye jalada zuri. Kisha ukaja ukame, na pamoja nao picha za aina ya pili, za mbavu na mabakuli matupu. Mturkana wa picha, ama amepambwa, ama ana njaa. Yule anayesahihisha madaftari, anayeshona viatu vya magurudumu ya gari, anayebishana na makanga stendi ya Lodwar, au anayecheka na mjukuu wake chini ya mkoma, hana nafasi. Mimi niliishi miongoni mwa watu hawa kila siku, lakini kila niliposhika kamera nilikuwa mtalii.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, picha za njaa hazina kazi? Zina kazi kubwa, na itakuwa ukosefu wa shukrani kukataa. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kupiga picha angali mwanafunzi, ndiye aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwezi Oktoba 1984, na misaada iliyofuata iliokoa watu wengi mno. Hapa kwetu, mwaka 2011, picha za watu waliodhoofika Turkana ndizo zilizowafanya Wakenya kuchanga fedha katika kampeni ya Kenyans for Kenya. Amin huyo huyo, miaka mitatu kabla ya njaa ile ya Ethiopia, alikuwa ametoa kitabu kizima cha picha kuhusu eneo la Ziwa Turkana. Aliijua nchi hii na nyakati zake nyingine. Ninachokataa ni picha ya njaa kuwa ndiyo pekee, na mtu aliyemo ndani yake kukosa jina.

Tazama mfano mmoja ulio karibu nasi. Kutoka Kakuma ukielekea mpaka wa Sudan Kusini utafika Lokichoggio, mji mdogo ambao kuanzia mwaka 1989 ulikuwa kituo cha ndege za ule mpango mkubwa wa misaada wa Umoja wa Mataifa, Operation Lifeline Sudan. Mwezi Machi 1993, mpiga picha wa Afrika Kusini, Kevin Carter, alisafiri chini ya mpango huo hadi Ayod, akampiga picha mtoto aliyeinama chini huku tai akimtazama kwa nyuma. Picha hiyo ilichapishwa katika gazeti la New York Times mwezi huo huo, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Wasomaji wengi waliuliza: mtoto yule aliishi? Gazeti halikuweza kujibu kwa uhakika. Carter mwenyewe alijiua Julai 1994. Ilipita miaka 18 tangu picha ipigwe, hadi 2011, ndipo waandishi kutoka Uhispania walipofika Ayod na kuelezwa na familia kwamba alikuwa mvulana, kwamba alinusurika njaa ile, na kwamba alifariki miaka mingi baadaye kwa homa. Dunia nzima iliujua mgongo wake pasipo kujua kama ni wa kike au wa kiume. Simhukumu Carter, alikuwa vitani, nami nilikuwa chini ya mkoma, na bado sikufanya vizuri kumshinda.

Somo langu la pili nilipewa Kakuma, na sikuwa nimelitarajia. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akifunza katika shule moja ya kambini alinialika niwatembelee. Kakuma iko kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, kwenye ile barabara ya kwenda Lokichoggio. Kambi ilianzishwa 1992 walipofika maelfu ya watoto wa Sudan waliotembea kwa miguu kukimbia vita, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya 250,000 kutoka mataifa mengi. Huwezi kuingia humo na kamera na kuanza kupiga tu. Lazima upate kibali cha idara ya serikali inayohusika na wakimbizi. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona jema, maana miongoni mwa watu hao wamo ambao uso wao ukionekana mahali pasipofaa, aliyewafukuza atajua walipo.

Sokoni kambini nilikuta studio ya picha yenye upana wa hatua nne. Mwenyewe alikuwa Mkongomani kutoka Uvira, mtu wa makamo, naye Kiswahili chake cha Kongo na changu cha Kenya vilielewana bila shida. Ukutani alitundika pazia lililochorwa maua na ngazi za jumba la kifahari. Nilimwuliza kwa nini hawapigi watu nje, penye maisha halisi ya kambi, vumbi na mahema. Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu," alisema, "picha ya kambi wanaipiga wageni. Mtu wa hapa anataka picha yake. Anamtumia mama yake aone kwamba mwanawe yuko mzima."

Nilikaa naye hadi alasiri. Kijana wa Sudan Kusini aliingia na shati la kuazima. Mama wa Kisomali alikuja na wanawe wanne, akawapaka mafuta usoni mmoja mmoja kabla hawajasimama. Fundi yule hakuharakisha. Aliwauliza watazame wapi, akawaonyesha alichopiga, wakakataa ya kwanza, akapiga tena. Nikawakumbuka wapiga picha wa pwani yetu waliofanya kazi hiyo hiyo kabla yake: Omar Said Bakor wa Lamu, ambaye hakupitia chuo chochote cha upigaji picha, alijifundisha mwenyewe, kisha akafungua studio miaka ya 1960, na wale wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliowasimamisha wasafiri mbele ya mapazia ya meli na ndege. Wasomi wengine wameyacheka mapazia hayo kuwa ni ya uongo. Lakini aliyesimama mbele ya pazia alikuwa amechagua mwenyewe jinsi atakavyokumbukwa, ilhali mzee wangu wa barabara ya Kalokol hakupewa nafasi hiyo.

Kilichonishangaza zaidi ni daftari. Fundi aliandika humo jina la kila mteja jinsi mteja mwenyewe alivyotaka liandikwe, tarehe, idadi ya picha, na mwisho wa mstari alama ya kuonyesha kama picha imechukuliwa. Chini ya meza alikuwa na sanduku la picha zisizochukuliwa. Wengine katika hizo walikwisha kupelekwa Marekani au Australia, wengine walirudi makwao, wengine haijulikani. Nilimwuliza kwa nini haziteketezi, maana nafasi ni ndogo. Alijibu kwamba siku moja huenda akafika mtu wa jamaa yao akauliza.

Nilirudi Lodwar nikiwa na picha chache sana, ila nilikuwa nimejifunza kuliko mwaka wangu wote wa machweo.

Wala yule fundi hayuko peke yake. Shirika la FilmAid, lililoanza kufanya kazi Kakuma 2001, liliwafunza vijana wakimbizi kutengeneza filamu wao wenyewe, na mwaka 2008 wakimbizi walianzisha chombo chao cha habari, KANERE. Watu waliozoea kupigwa picha wakiamua kushika kamera, huanza kwa kupiga mambo ambayo mgeni hayaoni: mwalimu aliyechelewa, harusi, foleni ya maji, kijana aliyefaulu mtihani.

Sasa nije kwetu sisi walimu, kwa kuwa hapa ndipo penye lawama. Mara ngapi tumewapanga wanafunzi mstarini kupokea sare au vitabu vya msaada, tukawaagiza watabasamu, kisha picha zikasambazwa pasipo mzazi kuulizwa? Tunalifanya hilo kwa nia njema, na hatujiulizi mtoto atajisikiaje akiwa na miaka ishirini na mitano. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha ni habari. Sheria hiyo si ya kupamba rafu: mwezi Septemba 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sitaki walimu waogope kamera. Nataka waogope kuichezea.

Ninapendekeza basi kila shule ya sekondari katika kaunti yetu, na kwingineko pia, iwe na chama cha upigaji picha. Najua shule nyingi za bweni hukataza simu, na zina sababu zao. Kamera moja ya mtumba inayomilikiwa na shule inatosha wanafunzi kumi na watano, na uhaba huo una faida, kwa maana mtu anayesubiri zamu yake hutazama kwa makini kabla ya kubonyeza. Kutazama ndiko somo lenyewe. Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani aliyesoma shule kwa miaka michache tu, ndiye aliyeona kipande kidogo cha fuvu miongoni mwa kokoto za rangi ile ile huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 1984. Kipande hicho kilituletea kiunzi cha kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita. Wengine walipita mahali pale wakaona mawe. Kamoya alikuwa ameyazoeza macho yake.

Na zoezi la kwanza lisiwe machweo. Liwe hili: kila mwanafunzi ampige picha mtu mmoja mzee wa nyumbani kwao ambaye hana picha. Amwombe ruhusa na kumweleza picha itakwenda wapi. Amwingize kivulini, amsogelee, aulenge uso, na alenge jicho. Amwonyeshe alichopiga, na akikataa, aifute bila kunung'unika. Aandike jina kamili, mahali na tarehe. Kisha aichapishe na kuirudisha kabla ya juma kwisha. Asiyerudisha asipewe kamera mara ya pili.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni anasa, kwamba penye uhaba wa madawati na maji hapana haja ya kamera. Nimewahi kusema hivyo mimi mwenyewe. Lakini nilimwona mama aliyetafuta uso wa baba yake katika karatasi niliyompa asiupate, nami sitamwambia kwamba alichokitafuta ni anasa. Matajiri wana albamu za vizazi vitatu. Maskini akipotea, hupotea mara mbili.

Nilikwenda tena kwa binti yule, muhula uliofuata. Nilimwomba, kama angependa, nimpige picha yeye na mama yake mzazi. Alininyamazia kidogo, kisha akaingia ndani kubadilisha nguo. Waliketi chini ya mkoma ule ule, kikongwe akiwa katikati na kigoda cha marehemu mumewe mapajani. Wao ndio waliochagua kukileta. Siku ya tatu niliwapelekea picha mbili zilizochapishwa. Ajuza alikiweka kidole juu ya uso wake mwenyewe, akakiacha hapo. Deni la mzee sikulilipa kwa hilo, wala halitalipika. Lakini mjukuu wake sasa ni mwanachama wa chama chetu, na ndiye mtunzaji wa daftari letu lenye majina, tarehe, na alama ya kuonyesha kama picha imekwisha kumfikia mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kumfunza mwanafunzi kupiga picha, usianze kwa kumpa kamera. Mpe daftari hilo kwanza.